Ukatili wa kingono: Saa 72 za kwanza zimo mikononi mwa familia

NI saa moja jioni. Msichana wa umri wa miaka 13 aliyetumwa dukani anarejea nyumbani akiwa amechelewa, nguo zimechafuka na hasemi neno. Mama anamtazama mara moja tu na kutambua kwamba mwanawe ametendewa unyama.

Kwa uchungu wa mzazi, mama anapasha maji moto, anamwogesha mtoto, anamvisha nguo safi na kuzifua zile chafu. Baba anaingia, anapandwa na hasira na kutwaa panga. Shangazi anawasihi wote wanyamaze ili majirani wasisikie. Kufikia usiku wa manane, mzee wa mtaa ameshafika na kupendekeza kwamba jambo hilo limalizwe kimyakimya kwa kuwa mshukiwa si mgeni katika boma hilo.

Kisa hiki si cha nyumba moja. Ni mfano wa mambo yanayotokea katika nyumba nyingi nchini, na la kusikitisha ni kwamba kila mmoja katika mfano huu anadhani anamsaidia mtoto. Kumbe maji yameosha ushahidi, panga linaweza kumpeleka baba gerezani badala ya mhalifu, na ukimya unampa mhalifu nafasi ya kurudia uovu wake.

Utafiti wa kitaifa kuhusu dhuluma dhidi ya watoto uliofanywa 2010 ulionyesha kuwa asilimia 32 ya wanawake wa umri wa kati ya miaka 18 na 24, na asilimia 18 ya wanaume wa umri huo, walikuwa wametendewa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Utafiti kama huo wa 2019 ulionyesha viwango hivyo vimeshuka hadi asilimia 15.6 kwa wanawake na 6.4 kwa wanaume.

Aidha, utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulibainisha kwamba asilimia 13 ya wanawake wa umri wa kati ya miaka 15 na 49 wamewahi kutendewa ukatili huo. Nyuma ya kila mmoja wao kuna mama, baba, mume, dada au rafiki ambaye alilazimika kuamua la kufanya bila kuandaliwa na yeyote.

Neno la kwanza

Mwathiriwa anapofungua kinywa, mara nyingi humwendea mtu mmoja anayemwamini. Jinsi mtu huyo anavyompokea ndivyo safari yake ya kupona inavyoanza, au inavyokwama.

Maswali kama vile "Ulienda huko kufanya nini?", "Ulikuwa umevaa nini?" au "Mbona hukupiga mayowe?" humfanya mwathiriwa ajione kana kwamba yeye ndiye mshtakiwa. Watu wengi wanapovamiwa hushikwa na ganzi. Viungo hukataa kutii na sauti hukauka. Hiyo ni athari ya kawaida ya hofu, wala si ishara kwamba mtu aliridhia.

Maneno yanayofaa ni machache: "Ninakuamini. Hili si kosa lako. Hutaachwa peke yako." Baada ya hapo, msikilizaji anafaa kunyamaza na kusikiliza.

Ikiwa aliyedhulumiwa ni mtoto, mzazi asimhoji tena na tena wala asimfundishe la kusema. Badala yake, aandike maneno ya mtoto jinsi alivyoyatamka, pamoja na siku na saa. Mtoto akimsihi mzazi asimwambie mtu yeyote, mzazi asimpe ahadi asiyoweza kuitimiza. Amweleze kwamba watakaoambiwa ni wale tu watakaomsaidia.

Mtu mzima naye ana haki ya kuamua mambo yake. Jamaa wanaweza kumweleza umuhimu wa matibabu na wa kupiga ripoti, wakajitolea kumsindikiza, lakini kumburuta kwa nguvu ni kumnyang'anya kwa mara ya pili mamlaka juu ya mwili wake.

Hospitali kabla ya yote

Wengi hudhani kwamba ni sharti mwathiriwa aanzie katika kituo cha polisi. Sivyo. Anaweza kwenda hospitalini moja kwa moja, na hafai kunyimwa matibabu kwa sababu hajapiga ripoti.

Sababu ya haraka hiyo ni saa. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi, maarufu kama PEP, ni lazima zianze kumezwa kabla ya saa 72 kupita, na kadiri zinavyoanza mapema ndivyo zinavyofaa zaidi. Humezwa kila siku kwa siku 28.

Dawa za dharura za kuzuia mimba zinaweza kutolewa hadi saa 120, yaani siku tano, ingawa nazo hufanya kazi vyema zaidi zinapotumiwa mapema. Fauka ya hayo, mwathiriwa hutibiwa majeraha, hukingwa dhidi ya maradhi ya zinaa, na huweza kupewa chanjo ya pepopunda na ya homa ya ini ya aina ya B.

Hapa ndipo jamaa wanahitajika hata baada ya kutoka hospitalini. Dawa za PEP zinaweza kuleta kichefuchefu na uchovu, na baadhi ya waathiriwa huziacha kabla ya kumaliza siku 28. Mtu wa nyumbani anayekumbusha, anayepika chakula chepesi na anayefuatana na mwathiriwa kurudi kupimwa huwa anaokoa maisha.

Aliyechelewa kupita saa hizo asikate tamaa. Bado anaweza kutibiwa majeraha na maradhi, kupimwa na kupata ushauri nasaha.

Kuhusu ushahidi, mwathiriwa asioge, asibadilishe nguo na asipige mswaki, iwapo anaweza kustahimili, hadi atakapopimwa na daktari. Ikiwa ameshabadilisha nguo, zile alizovaa zisifuliwe. Zifungwe katika karatasi, kwa mfano bahasha ya kaki au gazeti kuukuu, kila vazi peke yake. Zisitiwe katika mfuko wa plastiki kwa sababu unyevunyevu huleta ukungu na kuharibu ushahidi. Nguo zilizolowa zianikwe kivulini kwanza.

Sheria ya Makosa ya Kingono inaruhusu mwathiriwa kutibiwa bila malipo katika hospitali za umma. Ni vyema jamaa wakumbuke hilo kabla ya kukubali kuulizwa pesa mlangoni.

Fomu mbili

Hospitalini hujazwa fomu iitwayo PRC, ambayo hunakili yale daktari, afisa wa kliniki au muuguzi aliyoyaona na sampuli alizozichukua. Hutolewa nakala tatu: moja ni ya polisi, nyingine ni ya mwathiriwa na ya tatu hubaki hospitalini. Nakala ya mwathiriwa ihifadhiwe kama cheti cha kuzaliwa.

Fomu ya pili ni P3, ambayo hutolewa na polisi na kujazwa na mhudumu wa afya aliyeidhinishwa. Hiyo ndiyo hufika kortini kuonyesha jinsi mwathiriwa alivyoumizwa. Fomu hiyo haiuzwi.

Katika kituo cha polisi, mwathiriwa ana haki ya kuelekezwa kwenye dawati la jinsia na kuandikisha taarifa mahali pa faragha. Kabla ya kuondoka, ahakikishe amepewa nambari ya OB, yaani nambari ya ripoti yake katika kitabu cha matukio, na kujua jina la afisa atakayechunguza kesi.

Polisi wakizembea, familia haifai kurudi nyumbani na kulia tu. Inaweza kumwendea mkuu wa kituo, na hata kuwasilisha malalamishi kwa Mamlaka Huru ya Kuangazia Utendakazi wa Polisi (IPOA).

Mnamo Mei 27, 2013, Mahakama Kuu mjini Meru iliamua kwamba polisi walikiuka haki za watoto kadhaa walionajisiwa kwa kukosa kuchunguza malalamishi yao ipasavyo. Kesi hiyo iliwasilishwa na wasichana hao wenyewe pamoja na shirika la Ripples International. Jaji aliagiza polisi wafanye uchunguzi wa haraka na wa kweli.

Mwezi mmoja tu baadaye, Juni 2013, msichana wa miaka 16 alibakwa na genge la wanaume katika Kaunti ya Busia akitoka mazishini na kuachwa na majeraha mabaya. Washukiwa walipofikishwa kituoni, adhabu waliyopewa ilikuwa kufyeka nyasi kisha wakaachiliwa. Ni kelele za wananchi, waliotia saini kwa wingi kudai haki, zilizofanya kesi hiyo ifufuliwe. Mnamo Aprili 2015, wanaume watatu walihukumiwa kifungo cha miaka 15 gerezani.

Kuyamaliza nyumbani

Huenda hakuna jambo linalowaumiza waathiriwa kama mazoea ya kuketi chini ya mti na kukadiria thamani ya machozi yao. Katika eneo la Kaskazini Mashariki wazee hutumia utaratibu wa maslaha. Kwingineko hutolewa mbuzi, ng'ombe au bahasha. Mahali pengine msichana huozwa kwa yule yule aliyemnajisi ili "aibu" ifunikwe.

Fidia hiyo huwaendea nani? Aghalabu huishia kwa baba, amu na wazee. Mtoto habaki na chochote ila kumwona mhalifu akipita njiani kila asubuhi anapokwenda shuleni.

Kisheria, kesi ya aina hii si mali ya familia. Sheria ya Makosa ya Kingono, iliyopitishwa bungeni 2006 kupitia mswada wa aliyekuwa mbunge maalum Njoki Ndung'u, ilisema kwamba uamuzi wa kukomesha uchunguzi au mashtaka ni wa Mwanasheria Mkuu. Baada ya Katiba ya 2010 kupitishwa, mamlaka ya mashtaka yaliwekwa mikononi mwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Baba hawezi kusema "tumesameheana" na kesi ikaisha.

Sheria hiyo inatoa kifungo cha maisha kwa anayemnajisi mtoto wa umri wa miaka 11 au chini ya hapo. Mtoto akiwa na umri wa kati ya miaka 12 na 15, mhalifu hufungwa kwa muda usiopungua miaka 20. Akiwa na kati ya miaka 16 na 18, usiopungua miaka 15. Anayembaka mtu mzima hufungwa kwa muda usiopungua miaka 10, na anaweza kufungwa maisha. Mnamo Julai 2024, Mahakama ya Juu ilithibitisha kwamba vipimo hivyo vya chini vya adhabu bado vinatumika.

Ikumbukwe kwamba sheria haibagui kwa misingi ya jinsia. Mvulana aliyedhulumiwa ana haki sawa na msichana. Hata hivyo, wavulana wengi hunyamaza kwa kuambiwa kwamba mwanamume halii, au kwa kuhofia kuchekwa.

Safari ya kortini

Kuna dhana kwamba bila shahidi aliyeona, au bila ripoti ya daktari, hakuna kesi. Dhana hiyo imewafanya wengi wakate tamaa kabla ya kuanza.

Kifungu cha 124 cha Sheria ya Ushahidi kinaruhusu korti kumtia mshtakiwa hatiani kwa ushahidi wa mwathiriwa peke yake, mradi korti iridhike kwamba anasema kweli na ieleze sababu za kuridhika kwake. Ushahidi wa daktari huipa kesi nguvu kubwa, lakini kukosekana kwake hakuifuti.

Mwathiriwa anaweza kuomba kutoa ushahidi kwa faragha, akiwa nyuma ya pazia au kupitia kwa mtu wa kumsaidia kujieleza, hasa akiwa mtoto au mtu mwenye ulemavu. Aidha, sheria inadhibiti maswali kuhusu maisha yake ya awali ya kimapenzi. Akitishiwa maisha, kiongozi wa mashtaka anaweza kuombwa kumwelekeza kwa shirika la kuwalinda mashahidi.

Katika jitihada za kupunguza ucheleweshaji, Idara ya Mahakama ilianzisha korti maalum ya makosa ya kingono huko Shanzu, Mombasa, mnamo 2022. Hata hivyo, kesi nyingi bado huchukua muda mrefu. Tarehe huahirishwa, nauli huisha, na shahidi huchoka. Familia ikijua hayo mapema, huweza kupanga zamu za kumsindikiza na kuweka akiba ya nauli badala ya kushangazwa.

Haki inaweza pia kuchelewa na bado ikafika. Mnamo Desemba 2020, Mahakama Kuu iliamua kwamba serikali iliwakosea wanawake wanne waliodhulumiwa kingono wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007, na kuagiza kila mmoja alipwe Sh4 milioni. Walikuwa wamewasilisha kesi yao 2013.

Jeraha lisiloonekana

Jeraha la mwili hupona likaacha kovu. La moyo huweza kukaa kimya kisha likafumka baada ya miezi au miaka.

Dalili zake hutofautiana. Mwathiriwa huweza kukosa usingizi, kuota ndoto za kutisha, kushtuka kwa sauti ndogo, kujitenga, kukasirika ovyo au kuzama katika ulevi. Mtoto mdogo huweza kuanza kukojoa kitandani, kukataa kwenda shuleni, au kumwogopa mtu ambaye hapo awali alimchangamkia. Wengine hucheka na kuendelea na kazi kana kwamba hakuna kilichotokea, jambo ambalo majirani hulifasiri vibaya.

Hakuna dalili miongoni mwa hizi inayoonyesha uongo. Lakini mwathiriwa akianza kusema kwamba heri angekufa, au akigawa vitu vyake, asiachwe peke yake na apelekwe kwa mtaalamu siku hiyo hiyo.

Ushauri nasaha si kikao kimoja cha kuambiwa "jikaze". Huendelea kwa muda, na lengo lake si kumsahaulisha mtu yaliyompata bali kumsaidia aishi bila kutawaliwa nayo. Maombi na faraja za viongozi wa dini huwapa wengi nguvu, ila hayafai kuwa mbadala wa matibabu, wala kisingizio cha kumlazimisha mtu asamehe haraka.

Jamaa pia huumia. Mama hujilaumu kwa kumtuma mtoto dukani. Baba huona kwamba ameshindwa kuilinda nyumba yake. Mume huweza kumtenga mkewe kwa sababu hajui la kusema, naye mke akadhani amechukiwa. Ndugu wadogo husahaulika kabisa. Ndiyo maana vituo vingi vya kuwahudumia waathiriwa huwashauri pia watu wa familia.

Hali huwa nzito zaidi mhalifu akiwa ndiye anayelipa kodi ya nyumba na karo. Hapo familia huhitaji pa kulala na pa kula kabla ya kuhitaji mawaidha. Afisa wa watoto, chifu mwaminifu na mashirika ya kijamii wanaweza kusaidia kutafuta makao ya muda. Inapowezekana, anayefaa kuhama ni mshukiwa, wala si mtoto.

Pa kukimbilia

Nambari 1195 hupokea simu za dharura kuhusu dhuluma za kijinsia, nayo 116 ni ya kuwasaidia watoto. Zote hazilipishwi.

Hospitali ya Nairobi Women's imekuwa na kituo cha kuwahudumia waathiriwa tangu 2001, na zipo huduma kama hizo katika Hospitali Kuu ya Kenyatta na Hospitali Kuu ya Pwani mjini Mombasa. Shirika la mawakili wanawake, FIDA-Kenya, hutoa msaada wa kisheria bila malipo kwa wanawake wasiojiweza.

Majirani nao wana wajibu wao. Wasisambaze jina wala picha ya mwathiriwa katika simu, hata kwa nia ya kumtetea. Jina likishatoka halirudi, na mtoto huyo atalazimika kuishi nalo shuleni na mtaani.

Wahenga walinena kwamba mficha uchi hazai. Aibu ya kitendo hiki ni ya aliyekitenda, na familia inayokificha humbebea mhalifu mzigo wake.

Tukirejea kwa yule msichana wa miaka 13, bado jioni yake ingeweza kuwa tofauti. Mama angemfunika kwa leso na kumwambia kwamba anamwamini. Baba angeweka panga chini na kutafuta gari. Shangazi angekusanya nguo katika gazeti, na mzee wa mtaa angetangulia kituoni kushuhudia ripoti ikiandikwa.

Maji ya moto yangemngoja hadi arudi.